Masikio ya Mitsue

Wiki nzima tangu sehemu iliyopita, msomaji, wewe ulikuwa unakula, unalala na kugombana na majirani zako. Nagatsuka Yasunari hukumpa hata kiti. Bado amesimama pale pale tulipomtupa: ghorofa ya pili ya jumba la mikutano la mtaa wa Nakano, Jumapili saa sita mchana, miguuni soksi, mkononi tonge la wali lililoviringishwa mwani, na macho yamemtoka kama ya kambare aliyevuliwa.

Na yasimtoke kwa nini? Mkewe amekaa kwenye meza ya mwanamume mwingine, amevaa hedifoni za mwanamume mwingine, na chozi limemteremka mpaka kidevuni.

"Naomba tena," Mitsue alisema.

Maneno mawili tu. Lakini Nagatsuka yalimwingia kama mwiba wa samaki kooni.

Miaka kumi na minne ya ndoa amemwomba mwanamke huyu asikilize. Ameunda amplifaya kumi na tisa za kukuza sauti kwa mkono wake, kila moja na vitaa vyake vya kioo vinavyowaka rangi ya chungwa. Kila moja Mitsue ameketi akaisikiliza, akavua hedifoni, akasema, "Nzuri." Kisha akaenda kuanua nguo.

Chozi? Hajawahi kuliona hata moja. Hata kupiga mwayo vizuri hakupiga.

Leo Mitsue alikuja kuleta chakula cha mchana tu. Akaagana na watu. Akawa anapita kwenda mlangoni. Na kwa adabu, kwa vile alikaribishwa, akakaa kidogo kwa Asahina.

Asahina huyu ni fundi wa lifti, ana miaka thelathini na mmoja na meno kama punje za mahindi mabichi. Miezi mitatu tu tangu ajiunge na kikundi hiki cha waunda amplifaya, na wanachama wote wamekwisha kupanga foleni kwenye amplifaya yake: kiboksi cha kijivu, hakina kitaa hata kimoja, ukikiona utadhani kopo la biskuti. Wote wamekisikiliza isipokuwa Nagatsuka. Yeye alisema ana mafua. Miezi mitatu ana mafua.

"Tena, shemeji? Hata mara kumi," Asahina alijibu. Akarudisha sauti sifuri, akafuta mito ya hedifoni kwa kitambaa laini, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Ndiyo adabu ya pale. Kila mwanachama hufanya hivyo, hata Nagatsuka hufanya hivyo. Lakini leo aliihesabu ile mikono. Miwili! Yote miwili!

"Mitsue."

Mitsue akanyanyua kidole kimoja. Ngoja.

"Mitsue!"

Akafunua sikio moja. "Wimbo uko katikati, mume wangu."

"Unalia nini?"

"Nimemsikia huyu dada akivuta pumzi. Kabla hajaanza kuimba. Kidogo hivi, kama mtu anayeogopa." Akajifuta shavu, akacheka kwa aibu. "Sikujua kama mtu anaweza kusikia kitu kama hicho."

"Na kwangu humsikii?"

Hapo ndipo Mitsue alipokosea, kwa sababu alifikiri kwanza. Mke mwenye busara angejibu haraka.

"Kwako namsikia mtu mwingine," alisema.

"Nani?"

"Wewe. Umesimama nyuma yangu unangoja niseme nzuri."

Chai ya shayiri ikampalia mtu. Alikuwa Sakuma, mwenye duka la dobi, mtu ambaye mdomo wake haujawahi kupigwa pasi. "Samahani," alisema huku akikohoa. "Endeleeni. Mimi sipo."

Nagatsuka alihisi masikio yanamwaka. Akaweka tonge la wali juu ya amplifaya ya mtu, jambo ambalo kwa kikundi kile ni sawa na kutema mate msikitini, na hakuna aliyethubutu kumkanya.

"Asahina," alisema. "Umemwekea sauti kubwa. Kila mtu humu anajua: inayopaza zaidi kidogo ndiyo huonekana tamu. Umemdanganya mke wangu kwa kelele."

"Sijamdanganya, kaka. Kama una wasiwasi, tufunike."

Kufunika! Chumba kizima kikapumua. Kufunika ndiyo mahakama yao. Amplifaya mbili zinawekwa chini ya kitambaa, msikilizaji hajui ipi ni ipi, sauti zinasawazishwa kwa kipimo, na masikio peke yake ndiyo yanayohukumu.

"Tufunike," Nagatsuka alisema. "Na asikilize Mitsue."

"Mimi?" Mitsue alishtuka. "Mimi nimeleta chakula tu."

"Asikilize Mitsue. Akichagua ya kwangu, wewe Asahina usikanyage tena mikeka hii."

"Na akichagua ya kwangu?"

Msomaji, mtu mwenye wivu ni kama mtu aliyepanda ngazi kwa hasira: akifika juu ndipo anapokumbuka kwamba anaogopa urefu. Nagatsuka alikuwa amekwisha kufika juu.

"Akichagua ya kwako, naacha kuunda. Chuma changu cha kulehemu nakupa wewe. Sitagusa kitaa tena mpaka nife."

Mitsue alimtazama mumewe. Alimtazama kwa muda mrefu, na usoni mwake kukapita kitu ambacho Nagatsuka hakukiona, kwa sababu alikuwa anamtazama Asahina.

"Sawa," Mitsue alisema polepole. "Nitasikiliza."

*

Mwenyekiti wa kikundi ni Mzee Kitabayashi, dereva wa treni mstaafu. Miaka thelathini na minane ya kufika kituoni kwa sekunde imemfanya awe mtu wa kuamini vipimo, wala haamini nyuso za watu. Akawatoa wote nje ya chumba, akafunga mlango wa karatasi, akazipanga amplifaya peke yake chini ya kitambaa kikubwa cha zambarau. Mbele akaweka vibao viwili: moja, mbili. Zote mbili akaziunganisha na kisanduku chake maalumu chenye vifundo viwili vya sauti, akapima, akasawazisha, akaandika vipimo vyake.

"Ziachwe dakika kumi na tano zipate joto," alitangaza alipotoka. "Atakayegusa kifundo, jina lake nalifuta kwenye daftari la kikundi. Sina mjomba wala shangazi humu."

Watu wakajaa kwenye korido. Matonge ya wali yakazunguka. Sakuma akamkalia Nagatsuka kooni.

"Kaka, umeapa kwa masikio ya mkeo. Mimi ningeapa kwa masikio ya wangu, leo ningelala stesheni."

"Mke wangu ananijua."

"Ndicho ninachokiogopa."

Pembeni, dirishani, Asahina alikuwa anammiminia Mitsue chai. Mitsue akasema jambo. Asahina akacheka. Mitsue naye akacheka, mkono mdomoni.

Wanacheka nini? Chai inachekesha? Nagatsuka alijaribu kusikiliza. Mtu huyu anaweza kukwambia waya wa shaba na waya wa fedha vinatofautiana vipi katika sauti ya zeze. Lakini hatua sita tu kutoka kwa mkewe, hakuambulia neno.

Mitsue akacheka tena.

"Nimesahau miwani ndani," Nagatsuka alisema.

"Umeivaa," Sakuma alimwambia.

"Ile nyingine."

Akateleza ndani, akafunga mlango nyuma yake. Moyo ulikuwa unampiga kama mashine ya kufulia yenye kiatu ndani.

Kitambaa cha zambarau. Kibao moja, kibao mbili. Ya kwake ni ipi?

Rahisi! Vitaa huwaka moto. Fundi wa lifti na kopo lake la biskuti hawana vitaa. Nagatsuka akaweka kiganja juu ya kitambaa upande wa namba moja, na joto likamlamba kama birika. Akatabasamu. Hii hapa. Binti yangu huyu.

Akanyoosha mkono kuigusa namba mbili, kuhakikisha tu. Nyayo zikasikika koridoni.

Hakuhakikisha. Akashika kifundo cha namba moja, akakisogeza. Kidogo, upana wa unywele. Hakuna sikio duniani litakalosema sauti imeongezeka. Litasema tu kwamba wimbo umekuwa mtamu, umekuwa hai, umesogea karibu. Wote mle wanaujua ujanja huo, na wote wameapa kutoutumia.

Alipotoka, alikuwa anajifuta jasho kwa soksi ya akiba.

"Umeipata miwani?" Sakuma aliuliza.

"Haikuwemo."

*

Mitsue akapiga magoti kwenye mto, mgongo wima. Mzee Kitabayashi akamvisha hedifoni.

Namba moja. Mitsue akafumba macho.

Namba mbili. Hapa, kabla hata wimbo haujaanza, nyusi zake zilicheza. Nagatsuka aliona, na moyoni akashangilia: ameichukia!

Namba moja tena. Mbili tena. Kisha Mitsue akavua hedifoni, akaziweka magotini.

"Namba moja," alisema.

Nagatsuka alitaka kuruka. Alijizuia, akajifanya mpole, akageuka kumtazama Asahina kwa huruma ile mbaya ambayo watu huwapa walioshindwa.

Mzee Kitabayashi akashika pembe za kitambaa, akakivuta.

Chini ya namba moja lilikuwa kopo la biskuti.

Kijivu. Halina kitaa hata kimoja. Na hewa juu yake ilikuwa inatetemeka kwa joto kama lami ya mwezi wa nane.

"Lakini... lakini ni la moto!" Nagatsuka aliropoka.

"Huwa hivyo," Asahina alisema, karibu aombe radhi. "Mtindo wake unakula umeme hata ikiwa kimya. Wakati wa baridi naiwekea mikono niote. Nilidhani unajua. Wote wanajua."

Wote, ndiyo. Wote waliowahi kukaa kwenye ile meza. Yule wa mafua ndiye hakujua.

Na sasa hebu mwone, msomaji, alivyobanwa. Akinyamaza, kiapo kimemfunga: haundi tena mpaka kaburini, na mkewe amemchagua mwanamume mwingine mbele ya watu. Akisema, jina lake linafutwa na uso wake hautafaa hata kujifunikia. Mtu mwema angesema kwa ajili ya haki. Nagatsuka alisema kwa sababu Asahina alikuwa anatabasamu.

"Nimeongeza!" alipiga kelele.

"Umeongeza nini?" Mzee Kitabayashi aliuliza.

"Sauti. Namba moja. Nilidhani ni ya kwangu."

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha Sakuma akaelewa, na ikambidi aushike ukuta.

"Yaani kaka umekwenda kuiba," alisema, machozi yakimtoka, "halafu mzigo ukaupeleka nyumbani kwa jirani?"

Mzee Kitabayashi hakucheka. Akakagua kifundo, akaangalia alichoandika, akaangalia kifundo tena. "Nimeendesha treni miaka thelathini na minane," alisema. "Sijapata kuona dereva anaisukuma treni ya mwenzake."

Nagatsuka akapiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Lakini huko chini, pua ikinusa majani makavu, alikuwa anatabasamu. Kwa nini? Kwa sababu hukumu imeharibika. Hukumu iliyoharibika hurudiwa.

"Jina lako tutalizungumza baadaye," mzee alisema. "Matokeo nayafuta. Nasawazisha upya. Bibi Mitsue, naomba usikilize tena."

"Hakuna haja," Mitsue alisema.

Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini Nagatsuka aliinua kichwa.

"Niliijua ya mume wangu tangu mwanzo," Mitsue aliendelea. "Ni namba mbili. Nimeijua hata wimbo haujaanza. Inavuma."

"Haivumi!" Nagatsuka akasimama wima. "Amplifaya yangu haivumi!"

Akawageukia wenzake wamtetee. Sakuma akaanza kuchunguza soksi zake. Mwingine akakumbuka kufunga begi. Mzee Kitabayashi akakohoa mara mbili.

"Ndugu Nagatsuka," alisema mzee. "Kidogo tu."

"Kidogo?"

"Miaka sita hivi. Tuliona vibaya kukwambia."

Miaka sita! Miaka sita wanakaa mezani kwake, wanafumba macho, wanatikisa vichwa, "ina joto, ina roho," na kumbe wanasikia mvumo!

Lakini huo ulikuwa mkuki mdogo. Mkuki mkubwa ulikuwa bado njiani, na Nagatsuka akauona ukija.

"Ngoja," alimwambia mkewe. "Uliijua ni yangu. Na kiapo changu ulikisikia."

"Nilikisikia."

"Na ukachagua nyingine. Makusudi."

"Makusudi."

"Kwa sababu ya huyu!" Kidole kikamwelekea Asahina.

Mitsue akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo macho yake yakawaka. "Unamwonea wivu huyu? Wewe? Basi mimi nisemeje? Miaka kumi na minne nakaa na mke mwenza mwenye vitaa vinne! Mvumo ule naujua kwa sababu nalala nao. Uko chumba cha pili, ukuta ni karatasi, unavuma mpaka napitiwa na usingizi. Ukimgusa unanawa mikono kwanza. Mimi ulininawia mikono lini? Akipata baridi unamfunika. Akikwaruzwa huli. Mwezi uliopita nilikata nywele mpaka hapa." Akagusa shingo. "Ulisema nini?"

Nagatsuka akazitazama nywele. Kweli, zilikuwa fupi.

"Ulisema, sogea kidogo, unanizibia mwanga."

Sakuma akaweka kikombe chake chini.

"Kwa hiyo sikumchagua Asahina," Mitsue alisema. "Nilipata nafasi ya kukurudisha nyumbani, nikaichukua. Nilidanganya, naomba radhi kwa wote." Akawainamia wanachama. Kisha akamgeukia mumewe. "Sasa sidanganyi. Nakuuliza mbele yao, kwa kuwa wewe huapa mbele yao. Nani anarudi na wewe leo, mimi au yeye?"

Nagatsuka alifungua kinywa. Jibu lilikuwepo, tena zuri. Lilikuwa linapanda kifuani, limefika kooni, limefika kwenye ulimi.

Ndipo Asahina alipoongea.

"Bwana Nagatsuka, kama unaiacha kweli, usiitupe," alisema kwa upole. "Niachie mimi. Huo mvumo ni waya mmoja tu umekaa vibaya. Dakika tano, umekwisha."

Dakika tano!

Mtu huyu aifungue? Aingize vidole tumboni mwake, apekue waya alizozikunja yeye kwa koleo na pumzi, na aiponye? Iimbe kwake safi, kimya, bila mvumo, jinsi ambavyo haijawahi kumwimbia yeye?

Nagatsuka akaruka.

Aliruka kweli, msomaji. Alimpita mkewe. Bega lake lilimgonga Mitsue akayumba, wala hakugeuka. Akafika mezani, akaikumbatia amplifaya kwa mikono yote, vitaa vinne vya moto vikamgota kifuani, na chumba kikanuka sufu ya sweta yake iliyoungua.

"Usiiguse!" alipiga ukelele. "Yangu! Hii ni yangu!"

Akaivuta kifuani kwa nguvu mno. Meza ikainama, waya wa umeme ukakazika ukutani, kilo kumi na mbili za chuma na kioo zikamning'inia mikononi nusu hewani, zinamchoma. Na humo ndani ya maumivu, likamjia taratibu wazo la kwamba alikuwa ameulizwa swali.

Akageuka.

Mitsue alikuwa anakusanya vyombo vyake vya chakula. Hakuwa analia. Alivifunga vizuri, akamshukuru Mzee Kitabayashi kwa chai, akatembea hadi mlangoni penye safu ya viatu.

"Mitsue! Ngoja! Nisaidieni!"

Lakini Sakuma na mzee walikuwa wameganda, kila mmoja akiogopa kugusa kitu cha mwenzake bila ruhusa. Aliyekuwa amesogea ni mmoja tu. Asahina alichuchumaa kizingitini, akavitoa viatu vya Mitsue kwenye safu, akavigeuza ncha zikaelekea nje, akavipanga sambamba ili mwenyewe avivae bila kuhangaika. Jambo dogo. Mtu yeyote humfanyia mgeni wake. Nagatsuka akajaribu kukumbuka ni lini alimfanyia mkewe, na hakukumbuka.

Mitsue alitumbukiza mguu mmoja. Akasita.

"Asahina," alisema bila kugeuka. "Kwako nyumbani, mezani pana chakula au pana waya?"

Asahina alimtazama Nagatsuka aliyekuwa anaungua kifua. Akamtazama Mitsue. Kisha akanyoosha mkono kwenye safu, akavitoa viatu vyake mwenyewe, akavigeuza ncha nje.

Vidole vya Nagatsuka vilianza kuteleza. Akiiachia, inaanguka na kuvunjika mbele ya macho yake. Asipoiachia, Mitsue anakwenda: mlango wa karatasi ule unafunguka, na ufa wa mwanga umekwisha kuonekana.

Akaanza kufungua mikono.